Wanafunzi 240 na Boksi la Karatasi Zisizochukuliwa

Swali la msomaji:

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi na huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Nafundisha somo la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi 240. Muhula uliopita nilitoa insha moja ya tathmini endelevu, nikakaa nayo wiki tatu nikiandika maoni pembezoni mwa kila karatasi hadi usiku wa manane. Siku ya kuzirudisha, wengi walitazama alama tu, wakakunja karatasi wakaondoka. Karatasi zipatazo 90 hazijachukuliwa mpaka leo; ziko kwenye boksi chini ya meza yangu. Katika mtihani wa mwisho makosa yakawa yaleyale. Nimesoma kidogo tafiti za David Carless wa Hong Kong kuhusu mrejesho, ila naziona kama mambo ya wenzetu wenye madarasa madogo na muda mwingi. Mwenzangu ofisini ananishauri niache maoni, nitoe alama tu, kwa kuwa wanafunzi wa siku hizi hawajali. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nifanye nini na darasa la ukubwa huu?"

Jibu:

Marahaba, na pole kwa kazi. Boksi hilo la chini ya meza nalijua. Nami nilikuwa nalo kwa miaka kadhaa, na kwa muda mrefu mno niliamini kuwa lilikuwa ushahidi dhidi ya wanafunzi wangu. Nikikuelewa vizuri, una mashaka mawili yaliyoshikana: kama maoni ya mhadhiri yana faida yoyote, na kama kosa liko kwa wanafunzi wasiojali. Mwenzako amekosea kuhusu wanafunzi, lakini hajakosea sana kuhusu maoni jinsi wengi wetu tunavyoyaandika. Maoni yanayofika baada ya kazi kwisha, juu ya karatasi ambayo haitafanyiwa chochote tena, hayawezi kumfunza mtu hata yakiandikwa kwa uangalifu mkubwa namna gani. Unachohitaji kubadilisha ni wakati wa kuyatoa, na kile ambacho mwanafunzi anatakiwa kukifanya akishayapata.

Kwanza niondoe dhana kwamba tafiti za Carless ni za ulimwengu mwingine. Carless ni mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Hong Kong, na utafiti wake mmoja unaotajwa sana, uliochapishwa mwaka 2006, ulikusanya majibu ya wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vikuu 8 vya huko. Alichokikuta kingeweza kuandikwa kutoka ofisini kwako: wahadhiri waliamini kwamba mrejesho wanaoutoa ni wa kina na wa manufaa, ilhali wanafunzi hawakuuona kuwa wa kina wala wa manufaa kwa kiasi hicho. Katika kueleza pengo hilo aligusa lugha ya kitaaluma ambayo mwanafunzi hajaizoea, mamlaka ya mhadhiri, na hisia za anayehukumiwa. Hong Kong ilikuwa chini ya Uingereza hadi mwaka 1997, na wanafunzi wengi wa chuo chake husoma kwa Kiingereza huku nyumbani wakizungumza Kikantoni. Ni jamii inayouthamini mtihani kama sisi, ambako mzazi huuliza alama kabla ya kuuliza jambo jingine. Kwa hiyo hakuwa akichunguza watu wasiojali alama, na hilo ndilo linalonifanya nizichukulie kwa uzito hoja zake kwa mazingira ya Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura. Unachosema kuhusu muda, hata hivyo, ni kweli, na nitakirudia.

Sasa tuingie kwenye kiini. Mwaka 1989 mwanazuoni wa Australia, D. Royce Sadler, aliandika makala iliyoanza na fumbo lako hasa: inakuwaje mwalimu atoe hukumu sahihi kabisa kuhusu kazi ya mwanafunzi, na bado mwanafunzi asiendelee? Jibu lake lilikuwa kwamba ili mtu aboreshe kazi yake anahitaji mambo matatu kwa pamoja. Awe anakifahamu kiwango kinachotakiwa. Aweze kulinganisha kazi yake na kiwango hicho. Kisha achukue hatua ya kupunguza tofauti anayoiona. Tazama kwamba yote matatu hufanyika kichwani na mikononi mwa mwanafunzi. Kalamu yako nyekundu inaweza kuyasaidia, ila haiwezi kuyafanya kwa niaba yake.

Mfikirie mwanagenzi wa fundi cherehani. Fundi akimwambia "mshono umepinda", neno hilo lina maana kwake kwa sababu amekaa dukani miezi kadhaa akiona mishono iliyonyooka na iliyopinda, na kwa sababu kitambaa bado kipo chini ya sindano. Anafumua, anashona upya. Sasa chukua sentensi hiyohiyo umwambie mtu ambaye hajawahi kuona mshono mzuri kwa karibu, wiki tatu baada ya nguo kuchukuliwa na mteja. Sentensi ni sahihi, lakini hana cha kuifanyia. Mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza yuko katika hali hiyo. Ametoka sekondari ambako jibu zuri lilikuwa lile linalorudisha kwa ukamilifu yaliyomo kwenye madaftari, na mara nyingi hajawahi kusoma insha moja ya chuo kikuu iliyoandikwa na mwenzake na kupata alama za juu. Unapomwandikia kwamba uchambuzi wake ni hafifu, kwa Kiingereza, anaelewa kwamba hukuridhika. Hajui uchambuzi usio hafifu unafananaje.

Hapo ndipo nisipokubaliana kabisa na mwenzako anayesema hawajali. Mwanafunzi aliyetazama alama akakunja karatasi amesoma kwa usahihi ishara tuliyompa sisi wenyewe. Insha imekwisha, alama imeshaingizwa, mada imefungwa, na wiki ijayo tunaanza mada nyingine. Kwa mtu mwenye masomo sita na foleni ya kompyuta maktabani, kuacha kusoma maoni yasiyo na matumizi ni uamuzi wa busara tu. Mbadilishie mazingira hayo uone kama bado hajali.

Mwaka 2018 Carless aliandika pamoja na David Boud makala ambayo ningependa uisome mwenyewe, kwa sababu inahamisha mzigo huu vizuri. Wanauelezea mrejesho kuwa ni mchakato ambao mwanafunzi anazielewa taarifa zinazomfikia kutoka vyanzo mbalimbali na kuzitumia kuboresha kazi yake au njia zake za kujifunza. Kwa maana hiyo, maoni yasiyotumika hayajawa mrejesho bado. Ni maandishi tu. Wanasema pia kwamba kutumia mrejesho ni umahiri unaofundishwa, wenye sehemu nne: kuuthamini, kuweza kuamua ubora wa kazi, kuzimudu hisia zinazotokea mtu anapokosolewa, na kuchukua hatua. Katika hizo nne, mimi naona ya pili ndiyo mzizi, na ya tatu ndiyo tunayoipuuza zaidi katika vyuo vyetu.

Niseme kidogo kuhusu hisia, maana hapa desturi yetu ina uzito wake. Mwanafunzi akiingia ofisini, akatoa shikamoo, akasimama mbele yako, halafu ukamweleza makosa yake na kumalizia kwa "umeelewa?", atajibu "ndiyo, Mwalimu", hata kama hakuambulia kitu. Jibu hilo ni la adabu, na si vyema kumlaumu kwalo. Mimi niliacha kuuliza swali hilo. Siku hizi nauliza, "Ukirudi bwenini, utaanza kubadilisha aya ipi, na kwa nini hiyo?" Asipoweza kujibu, najua kwamba ni maelezo yangu ndiyo hayakufika, na tunaanza upya, mara nyingi kwa Kiswahili. Insha yenyewe ataiandika kwa Kiingereza kama utaratibu wa chuo unavyotaka, lakini tofauti kati ya kueleza na kuchambua inaweza kueleweka kwanza katika lugha anayofikiria kwayo. Nimeona wanafunzi waliohangaika muhula mzima na neno hilo moja wakifunguka kwa dakika tano tu, baada ya kuambiwa: kueleza ni kusema jambo lilivyo, kuchambua ni kusema kwa nini liko hivyo, nani anapinga, na wewe unasimama wapi kwa ushahidi gani.

Kuna dhana nyingine ya kurekebisha, nayo ni ile inayokufanya ukeshe: kwamba maoni yakiwa mengi zaidi, faida huwa kubwa zaidi. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walizikusanya tafiti nyingi za mrejesho na kuzifanyia hesabu ya pamoja, wakiwa na matokeo 607 ya kulinganisha. Kwa wastani mrejesho ulisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo utendaji ulishuka. Maelezo yao ni kwamba mrejesho hupoteza nguvu kadiri unavyovuta macho ya mtu kutoka kwenye kazi na kuyaelekeza kwenye nafsi yake. John Hattie na Helen Timperley, mwaka 2007, walifika mahali panapokaribiana na hapo: sifa zinazomlenga mtu, kama "wewe ni hodari", hazibebi taarifa ya kutosha kumsaidia katika kazi inayofuata. Kwa hiyo karatasi yenye alama nyekundu 30 inaweza kumwambia mwanafunzi jambo moja tu, kwamba yeye hafai. Mambo mawili yaliyochaguliwa vizuri, yanayoihusu kazi, yanatosha.

Sasa nini cha kufanya. Nianze na ninalolipendekeza kwa nguvu zote, kisha nitaje mengine pamoja na kasoro zake.

Igawe insha moja iwe na hatua mbili. Kwenye wiki ya nne, kila mwanafunzi alete ukurasa mmoja wenye hoja yake kuu, aya moja iliyoandikwa kikamilifu, na vyanzo viwili anavyokusudia kuvitumia. Maoni yako yote yaende hapo, wakati nguo bado iko chini ya sindano. Insha kamili ije wiki ya tisa, ikiwa na sentensi tatu mwanzoni ambamo mwanafunzi anaeleza alichokibadilisha kutokana na maoni aliyopata, na hiyo uisahihishe kwa jedwali la vigezo na alama, bila maoni marefu. Tufanye hesabu. Ikiwa muhula uliopita ulitumia dakika 12 kwa kila karatasi, ulitumia saa 48. Ukurasa mmoja kwa dakika 3 ni saa 12 kwa darasa zima; insha kamili kwa dakika 6 ni saa 24. Jumla ni saa 36, na maoni yanafika yanapohitajika. Zile sentensi tatu za mwanzo usizione ndogo. Ndizo zinazomlazimisha mwanafunzi kusoma ulichoandika, na zitakuonyesha wewe ulieleweka vipi.

Dakika 3 zitakutosha tu ukiacha kuandika sentensi ileile mara 80. Pitia kurasa 30 za mwanzo bila kuandika kitu, uorodheshe makosa sita yanayojirudia. Kisha kwenye kila karatasi andika namba ya kosa na mstari mmoja unaomhusu mwanafunzi huyo peke yake. Maelezo ya namba zote sita yatoe darasani kwa dakika 20, na ukipenda uyarekodi kwa sauti, kiongozi wa darasa ayaweke kwenye kundi la WhatsApp, ili aliyekosa kipindi asikose mrejesho. Maelezo ya jumla peke yake yana udhaifu mkubwa: kila mmoja huamini kwamba yanamhusu jirani yake. Namba kwenye karatasi ndiyo inayomfunga mtu na maelezo hayo.

Jambo la pili ninalolipa uzito ni vielelezo, kwa sababu vinatibu ule mzizi wa kutokijua kiwango. Chukua majibu mawili ya mwaka uliopita, moja la wastani na moja zuri, yaliyojibu swali tofauti na la mwaka huu. Waombe walioyaandika ruhusa, ondoa majina na namba za usajili. Wagawie wanafunzi kabla hawajaandika insha yao, na uwaache wabishane katika semina ni lipi bora na kwa sababu gani, kabla wewe hujafungua kinywa. Carless na wenzake wamesisitiza kwamba nguvu ya kielelezo iko katika mazungumzo hayo. Mhadhiri akitangaza mapema jibu lipi lilipata ngapi, mazungumzo yanakufa. Katika Chuo Kikuu cha Oxford Brookes, Uingereza, Chris Rust, Margaret Price na Berry O'Donovan waliripoti mwaka 2003 kwamba warsha ya yapata dakika 90, ambamo wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisahihisha kazi za mfano kwa vigezo halisi vya somo, iliwapa walioshiriki matokeo bora kuliko wenzao, na athari yake ilionekana hata mwaka uliofuata ingawa ilipungua. Ushiriki ulikuwa wa hiari, kwa hiyo bidii ya waliokuja huenda ilichangia sehemu yake. Hata hivyo, kwa gharama ya kipindi kimoja na nusu, sijui njia nyingine yenye faida ya namna hiyo. Hofu ya kawaida ni kwamba watanakili muundo wa jibu zuri. Wengine watanakili, ndiyo, na ndiyo maana swali liwe tofauti, na vielelezo vizuri viwe viwili vyenye miundo isiyofanana pale unapovipata.

Kusahihishana wanafunzi kwa wanafunzi kunafaa pia, ila kwa masharti. Usiruhusu alama wanazopeana ziingie kwenye tathmini endelevu. Mara tu alama inapohusika, urafiki, chuki na tuhuma za upendeleo huingia, na utatumia muda wako kusuluhisha badala ya kufundisha. Faida kubwa humwendea anayesoma kazi ya mwenzake, kwa kuwa analazimika kuamua ubora kwa vigezo, kuliko anayepokea maoni. Ukiwaeleza hivyo tangu mwanzo, lawama kwamba "mwenzangu hajui chochote cha kunisaidia" itapungua.

Huenda umesikia pia ushauri wa kuzuia alama, mwanafunzi apewe maoni kwanza. Unatokana kwa sehemu na utafiti wa Ruth Butler wa mwaka 1988, ambapo waliopewa maoni peke yake waliendelea vizuri kuliko waliopewa alama, na kuongeza maoni juu ya alama hakukusaidia kama mtu angetarajia. Nauheshimu utafiti huo, lakini ulifanywa kwa watoto wa shule nchini Israeli, si kwa watu wazima wanaohesabu kama watavuka mwaka. Kwako nisingeanza nao. Ukifuata hatua mbili nilizozieleza, ukurasa wa wiki ya nne hauna alama hata hivyo, nawe utakuwa umepata faida hiyo bila kuleta wasiwasi wa alama zilizofichwa.

Kabla ya kubadilisha chochote, nenda ukaonane na mkuu wa idara ana kwa ana. Katika vyuo vyetu vingi mgawanyo wa tathmini endelevu na mtihani wa mwisho, ambao kwa vyuo vingi vya Tanzania ni asilimia 40 kwa 60, umepitishwa na seneti, na hata hatua isiyobadilisha asilimia ni vizuri ijulikane, ili mwanafunzi mmoja akilalamika usijikute peke yako. Mwombe pia mhadhiri mzoefu akae nawe saa moja, kila mmoja asahihishe nakala za karatasi tano zilezile bila kuona alama za mwenzake, kisha mlinganishe. Mkitofautiana sana, basi hata ninyi hamjakubaliana kuhusu kiwango, na hakuna maoni yatakayomsaidia mwanafunzi mpaka mkubaliane. Hilo si jambo la kutatuliwa kwa barua kama hii.

Na wapo wanafunzi ambao shida yao haimo kwenye insha. Aliyekuwa akileta kazi vizuri akaacha ghafla, anayelia ofisini kwa alama ndogo, anayesema maneno ya kukata tamaa na maisha, au yule ambaye unahisi haoni ubaoni wala hasikii vizuri, huyo usimwandikie maoni marefu zaidi. Msindikize siku hiyohiyo kwa mshauri wa wanafunzi, na kama kuna hatari kwa maisha yake, asiachwe peke yake njiani. Anayepinga alama naye anastahili njia yake rasmi ya rufaa. Usiichanganye na mazungumzo ya mrejesho, kwa kuwa mtu anayetetea alama hawezi wakati huohuo kusikiliza kwa utulivu namna ya kuandika vizuri zaidi.

Karatasi 90 zilizo chini ya meza usizitupe. Waulize wenyewe kama wanaziruhusu, kisha chagua humo vielelezo vyako vya semina ya kwanza. Muhula utakapofika mwisho, toa insha 20 bila kuchagua, weka kila moja kando ya ukurasa wake wa wiki ya nne, na uhesabu ni ngapi ambazo lile jambo uliloliandika limefanyiwa kazi. Ukipata idadi hiyo, niandikie. Nami nitakuambia ningebadilisha nini katika muhula unaofuata.